Njia Ni Ndefu Kwetu, Si Kwake

Hapa Kimuli nyimbo za kanisa zina makazi yake. Kuna za Jumapili ya kawaida, kuna za Kwaresima, za arusi, za mavuno, na kuna za msiba. Haikuandikwa popote kwamba wimbo huu ni wa msiba na ule si wa msiba. Hata kitabu cha nyimbo chenye mafungu yake hakitusaidii sana, maana tumezihamisha nyimbo nyingi kutoka mafungu zilimowekwa. Lakini kila mtu anajua. Ukiwa unapalilia maharage ukasikia sauti za akina mama zikianza wimbo fulani upande wa pili wa bonde, unaweka jembe chini na kuuliza ni nani. Huhitaji kuambiwa zaidi.

Kwa mgonjwa, taratibu yetu ni kwenda. Jumuiya inakusanyika jioni baada ya kazi, mmoja amebeba ndizi, mwingine sukari, mwingine kikapu cha maharage. Tunaketi, tunaimba nyimbo mbili au tatu ambazo mgonjwa mwenyewe amezichagua, mwinjilisti au mzee wa kanisa anasoma Neno na kuomba, tunampa mkono, tunaondoka kabla hajachoka. Ni taratibu nzuri, nasi tumelelewa nayo. Ila inataka mgonjwa awe mahali pa kufikika kwa miguu.

Shangazi yetu alikuwa Dar es Salaam. Kutoka Kimuli hadi huko ni zaidi ya kilomita 1,000: pikipiki au gari dogo hadi barabara kuu, kisha basi linalokata karibu nchi nzima, kutoka huku kwenye mipaka ya Rwanda na Uganda hadi baharini. Aliondoka Kyerwa kabla hata haijaitwa wilaya, ilipokuwa bado sehemu ya Karagwe, akaolewa na mtu wa bandarini, wakajenga Mbagala. Sisi tunaoandika ni watoto watatu wa kaka yake mkubwa. Sote tunaimba kwaya, na kama kuna wa kulaumiwa kwa hilo, alaumiwe yeye. Kila alipokuja likizo alitukalisha jikoni tumenye ndizi, na huku tunamenya alitufundisha sauti ya pili, kwa sababu, alivyosema, sauti ya kwanza huimbwa na kila mtu hata mlevi akipita njiani.

Mwaka 2019 alipatikana na saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya tatu. Dalili alikuwa nazo muda mrefu, damu isiyokuwa na wakati wake, na alinyamaza kama akina mama wengi wanavyonyamaza. Tuseme jambo hili hapa hapa, maana kitabu cha kanisa huingia katika nyumba ambazo kipeperushi cha afya hakifiki. Hiyo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Karibu kila mara husababishwa na kirusi kiitwacho HPV, na huchukua miaka mingi kabla haijawa saratani. Ndiyo sababu kipimo kidogo cha kliniki, ambacho mhudumu hupaka siki na kutazama, kinaweza kuiona ingali doa tu la kutibika. Tangu mwaka 2018 wasichana wa nchi hii wanapewa chanjo yake. Mama anayesoma haya na hajapimwa, aende wiki hii. Binti aliyeletewa chanjo shuleni, wazazi wasimfiche.

Shangazi alitibiwa Ocean Road, hospitali iliyojengwa ufukweni na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, ambayo leo ni taasisi ya saratani ya taifa. Alipangiwa mionzi mara 25, siku tano kwa wiki, pamoja na dawa ya drip mara moja kwa wiki. Binamu yetu alimpeleka kila asubuhi. Sisi huku tulifanya la kufanywa: tuliuza kahawa kabla ya bei kupanda, tukauza maharage, tukatuma kwa simu. Mmoja wetu alikwenda akakaa naye wiki tatu, akarudi kwa sababu ya watoto na shamba. Wimbo ambao tutausimulia haukuchukua nafasi ya nauli wala ya fedha ya vipimo. Tunalisema kwa sababu wapo katika ukoo waliouliza, wakiwa na haki ya kuuliza, kwa nini watu wazima wanakaa jioni na daftari la nyimbo wakati mgonjwa anahitaji pesa.

Jibu letu lilikuwa kwamba pesa tulikuwa tumekwisha tuma, na jioni zilikuwa zimebaki.

Mtu anayeugua mbali na kwao ana ugonjwa mmoja zaidi. Karagwe yetu ina kumbukumbu ya mgonjwa wa namna hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika kwa Mukama Rumanyika pale Bweranyange. Grant, ambaye kwao ni Scotland, aliugua mguu, ukavimba na kutunga usaha hata asiweze kusimama. Januari mwaka uliofuata mwenzake alimwacha akaendelea na safari kwenda Buganda. Grant alibaki chini ya ulinzi wa Rumanyika hadi Aprili 1862, na alipoondoka alibebwa kwenye machela. Miezi yote hiyo watu wake kule Nairn hawakuweza kumtumia hata neno moja. Tulipokuwa shuleni tulisomeshwa habari hizo kama habari za kutafuta chanzo cha Nile. Siku hizi tukizikumbuka tunamwona yule mtu amelala kibandani, anasikia lugha asiyoijua, anahesabu siku.

Tena Biblia inaye wa kwake. Paulo anawaandikia Wafilipi habari za Epafrodito, mtu wao waliyemtuma apeleke msaada, naye akaugua huko huko aliko Paulo, akawa karibu ya kufa. Linalotugusa katika sura ile ya pili ni sababu ya huzuni ya Epafrodito. Hakuhuzunika kwa kuwa anaumwa. Alihuzunika kwa kuwa watu wa kwao wamesikia kwamba anaumwa. Tulikuwa tumeusoma mstari huo mara nyingi bila kusimama hapo, mpaka Shangazi alipopiga simu usiku, akapokea shikamoo zetu tatu, akaitika, na swali lake la kwanza likawa: "Kaka yangu anakula?" Binamu alikuwa amemwambia kwamba Baba, tangu asikie habari za dada yake, anasukuma sahani.

Hapo ndipo wazo la wimbo lilipoanza. Alihitaji kusikia kwamba nyumba ya kwao bado imesimama.

Tulifikiri kwanza kuchagua wimbo uliopo. Hapo tukakutana na lile la makazi ya nyimbo. Kila wimbo mpole tulioutaja, mmoja wetu alikumbuka kaburi. Huu uliimbwa tulipomzika bibi. Huu ndio ulioimbwa siku ile ya ajali ya gari la mnada. Mgonjwa wa saratani akitumiwa na watoto wa kaka yake wimbo wa namna hiyo, ataelewa jambo moja tu, na atalielewa sawasawa na sisi tungelielewa. Upo wimbo mmoja unaopita vizuizi hivyo vyote, Tukutendereza, uliosambazwa na watu wa Uamsho tangu miaka ya 1930 kutoka Gahini, ng'ambo ya Kagera yetu, na ambao huku unaimbwa kwenye salamu, kwenye ushuhuda, arusini na makaburini bila mtu kushtuka. Lakini huo Shangazi aliuimba mwenyewe kila asubuhi. Kumtumia huo ni kumtumia mvuvi samaki.

Basi tukaandika. Jambo la kwanza tulilokubaliana ni kwamba awemo kwa jina, yaani kwa jina tunalomwitia sisi. Nyimbo za kanisa kwa kawaida hazitaji mtu ila wale wa Biblia, na kuna hekima katika hilo, maana wimbo wa ibada ni wa wote. Lakini wazee wetu wa Karagwe na Buhaya walijua pia kumwimbia mtu mmoja. Mpiga enanga aliimba matendo ya watu kwa majina yao, na waliosikiliza walijua ni baba ya nani na alikaa kilima gani. Hatukuona ubaya wa kumwazima mpiga enanga adabu hiyo na kuipeleka mbele za Mungu.

Jambo la pili halikuwa rahisi, na lilituchukua jioni nyingi kuliko muziki wenyewe. Je, tumwambie atapona?

Mmoja wetu alisema ndiyo, na hakusema kwa wepesi. Alisema wimbo ni sala, na sala bila imani ni kelele. Akamtaja Hezekia, mfalme aliyeambiwa na nabii atengeneze mambo ya nyumba yake maana anakufa, akageukia ukutani akaomba, akaongezewa miaka 15. Na baada ya kupona, Hezekia yuyo huyo aliandika wimbo, umo katika Isaya 38. Kwa nini tumwandikie Shangazi wimbo wenye imani ndogo kuliko ya Hezekia?

Wawili waliobaki walikuwa na jambo moja mioyoni. Wiki chache nyuma mhubiri mmoja, aliyepewa namba na jirani wa kule Mbagala, alimpigia Shangazi simu akamwambia kwamba anayemeza dawa bado ana mashaka, na kwamba angekuwa na imani kamili angekuwa amekwisha pona. Hatumtaji, na si wa kanisa letu, ingawa hilo si la kujivunia kwa sababu maneno hayo tumeyasikia hata kwenye mabenchi yetu. Binamu alituambia kwamba Shangazi alilia siku mbili. Hakulia kwa maumivu. Alikuwa akipekua maisha yake kutafuta imani ilipovujia.

Tulimkumbuka Askofu Josiah Kibira. Karagwe haikuwa dayosisi mpaka mwaka 1979. Kabla ya hapo tulikuwa chini yake, na wazazi wetu wengi walimwona kwa macho. Mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mtu huyo aliugua ugonjwa wa Parkinson, mikono na mwendo vikamwacha polepole, akafariki mwaka 1988. Nani Kagera angesimama akasema Kibira alipungukiwa imani? Na Paulo, ambaye leso zilizogusa mwili wake ziliponya watu kule Efeso, anamwandikia Timotheo mwishoni mwa maisha yake kwamba Trofimo amemwacha Mileto, hawezi. Hakufafanua. Hakumlaumu Trofimo. Hakuomba radhi. Alimwacha mgonjwa kwa sababu alikuwa mgonjwa.

Tulisoma pia Zaburi ya 88, na huu ndio usiku tunaoukumbuka zaidi. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka kabla ya mwisho: mtu analia, kisha anashukuru. Ya 88 haigeuki. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, nayo imo katika Biblia vilevile. Yule mwenzetu wa Hezekia alifunga kitabu akakaa kimya, kisha akasema: "Kama Mungu aliruhusu hii iimbwe hekaluni, basi hatuhitaji kumdanganya Shangazi ili Mungu asikie vizuri." Ubeti wa tatu ulitokana na maneno hayo.

Wimbo wote ni huu. Tuliuandika kwa Kiswahili kwa ajili ya wajukuu wake ambao Kinyambo hawakijui.

Shangazi, huku kumekucha,
ukungu umekaa mgombani;
tumelitaja jina lako
kabla ya kulitaja lingine.

Bwana yu hapa, Bwana yu huko,
njia ni ndefu kwetu, si kwake;
akiketi kitandani pako
hajaondoka barazani petu.

Usiku maumivu yakija
na sisi huku tu macho pia;
hatuna dawa ya kutuma,
tunatuma sauti hii.

Tunamwomba akuponye,
tunaomba na kesho tena;
atakalojibu hatulijui,
anayejibu tunamjua.

Ushairi wake si wa vina, mtaona. Mwalimu wetu wa kwaya alipoupitia alikunja uso kwa sababu hiyo, kisha akasema tuuache. Alichokazania yeye ni mkazo wa maneno, na hapo tulijifunza jambo ambalo kila anayetunga wimbo wa Kiswahili angefaa kulijua. Lugha yetu huweka uzito kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ki-ta-NDA-ni, sha-NGA-zi, BWA-na. Pigo zito la muziki likiangukia silabi nyingine, neno linachechemea, na msikilizaji anasumbuka bila kujua kinachomsumbua. Nyimbo zetu nyingi za zamani zilipata tuni kwanza, tuni za Ujerumani, na maneno ya Kiswahili yakavalishwa baadaye, mengine yakabanwa mabegani. Tumezizoea na tunazipenda hivyo hivyo. Lakini huu ulikuwa wa Shangazi, hatukutaka jina lake lichechemee. Tukaanza ubeti wa kwanza na silabi nyepesi kabla ya pigo, ili NGA itue yenyewe. Mwendo tuliuweka wa sita kwa nane, mwendo wa mtu anayembembeleza mtoto mgongoni.

Baba haimbi. Hajawahi kuimba, hata Jumapili husogeza midomo tu. Siku ya mwisho ya mazoezi alikuja akasimama mlangoni, akasikiliza hadi mwisho, akasema kuna neno limekosekana. Alilitaja. Ni neno la Kinyambo ambalo mama yao alilitumia kumtuliza mtoto aliyeamka usiku akaogopa giza, na ambalo yeye na dada yake waliambiwa wote wawili, kitanda kimoja, zaidi ya miaka 60 iliyopita. Tuliliweka mwishoni baada ya kiitikio cha tatu, mara tatu, kila mara chini kuliko mara ya kwanza. Lenyewe hatuliandiki hapa. Ni la nyumbani.

Tulirekodi kwa simu katika ghala la kahawa. Kanisani bati hurudisha sauti, na nyumbani kuna mbuzi na watoto, lakini magunia ya kahawa humeza mwangwi kama pamba. Mara ya kwanza mvua ilianza. Mara ya pili mtu alibisha hodi kuuliza bei ya kilo. Mara ya tano tulifika mwisho. Saa nne usiku tulipanda kilimani kwenye mtandao, tukamtumia binamu kwa wasapu, dakika nne na sekunde kadhaa, tukasimama pale gizani tukiangalia alama ya kutumwa ikizunguka. Wakati huo mionzi ilikuwa imekwisha, na madaktari walikuwa wamemweleza ukweli: ugonjwa umepita mahali mionzi inapofika, na tangu sasa kazi ni kupambana na maumivu. Alikuwa nyumbani Mbagala na chupa ya mofini ya maji. Wapo wanaoiogopa dawa hiyo kama sumu. Hospitali za kanisa letu, Selian ya Arusha ikitangulia, zimekuwa na huduma hii kwa miaka mingi, na sisi tuliyeona mgonjwa wetu akilala usingizi kwa sababu yake tunaihesabu katika mambo ya kumshukuru Mungu kwayo.

Jibu lilikuja kesho yake mchana, sauti yake mwenyewe. Kwanza kulikuwa na pumzi tu. Kisha:

"Wanangu. Nimeusikia mara tatu. Wimbo ni mzuri, lakini mmeuweka juu, na sauti ya pili mmeiacha kama yatima, hakuna aliyeimba. Mlidhani nani ataiimba? Mimi siwezi kufika huko juu, pumzi yangu sasa ni fupi. Shusheni. Na anzeni na ule wa mwisho, wa kuomba na kesho tena. Ule ndio wangu. Ule wa ukungu uje baadaye."

Sauti ya pili kweli ilikuwa wazi. Sisi watatu ni wa kwanza, wa tatu na wa besi, na nafasi yake hapakuwa na mtu wa kuijaza. Kuhusu kushusha, uzuri wa nota za solfa ni kwamba hazihitaji kuandikwa upya. Tulifuta herufi G juu ya ukurasa tukaandika E, nota zote zikashuka pamoja kama watu wanaoteremka ngazi. Tukaimba tena ghalani, ubeti wa tatu mbele. Besi alihangaika.

Jioni ya siku ya tatu binamu alituma kipande kingine. Alikuwa ameweka simu moja ipige wimbo wetu na nyingine irekodi, na katikati, chini kabisa, kuna sauti ya nne. Inakatika. Inaruka mstari mzima, inarudi kwenye kiitikio. Kwenye "kitandani pako" ameimba "kitandani pangu". Mwishoni, kwenye lile neno la Baba, haimbi, analisema tu. Tulimpelekea Baba simu shambani. Alisikiliza akiwa ameegemea mgomba, akaomba tumrudishie tena, na jioni ile alikula.

Mgonjwa alikaa nasi miezi minne zaidi. Binamu anasema waliupiga wimbo huo karibu kila usiku kabla ya dawa ya saa tatu, na kwamba zipo usiku ambazo alikataa, akasema leo sitaki kuombewa wala kuimbiwa, nizimieni, nao wakazima. Alilala katika Bwana alfajiri, mikononi mwa binti yake.

Alikuwa ameacha maagizo. Arudishwe Kimuli, azikwe karibu na mama yake. Na ule wimbo usiimbwe. "Huo nilitungiwa nikiwa hai," alisema, "msibani niimbieni zile za kitabuni, watu wazijue, waitikie." Jumuiya nzima ilikuja, na za kitabuni zikaimbwa kwa sauti zote nne, watu wa ng'ambo ya bonde wakaweka majembe chini. Sisi watatu tuliimba pamoja nao. Sauti ya pili siku ile iliimbwa na binamu.

Mwaka uliofuata jirani yetu mmoja, ambaye mdogo wake alikuwa amelazwa Bugando, Mwanza, alikuja na soda mbili kuomba tumpe wimbo ule abadilishe jina tu. Tulijaribu mbele yake. "Kaka" ina silabi mbili, ubeti wa kwanza ukachechemea, na mdogo wake, kwa maelezo yake, hajali ukungu wala migomba, anapenda mpira na ng'ombe. Tukamwambia aketi. Tukafungua ukurasa mpya, tukamuuliza huyo ng'ombe anaitwa nani.